Mpira wa Kioo na Baba Mkwe

Baba yangu alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mrefu kuliko milango mingi ya Iringa, na gari lake lilikuwa la mashindano, jekundu, la Kiingereza, la viti viwili. Paa lake lilikuwa chini kiasi kwamba ukisimama pembeni ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake bila kuinua kiwiko. Watu waliomwona akishuka kwa mara ya kwanza walisimama kuangalia. Kwanza ulitoka mguu mmoja, kisha kichwa, kisha Biblia, halafu ndipo yalipofuata yaliyobaki.

Hakulinunua. Alipokuwa na usharika kule Igowole, palikuwa na meneja mmoja wa shamba la chai, Mwingereza, ambaye mkewe aliugua kwa muda mrefu. Baba alikuwa akienda kuketi na yule mama na kumsomea Zaburi kwa Kiingereza chake cha taratibu. Meneja alipofunga mizigo kurudi kwao alimletea Baba funguo. Alimwambia gari lina umri wa karibu miaka ishirini, lina kisirani asubuhi za baridi, lakini halijawahi kumwacha njiani. Yote hayo yalikuwa kweli. Habari ya kioo cha mbele hakuisema.

Mpira ulioshika kioo hicho ulikuwa umekauka. Ukiugusa kwa ukucha ulibanduka vipande vidogo vyeusi, mfano wa ukoko wa wali ulioungua. Mvua ikinyesha, maji yaliingia kona ya juu kushoto, yakafuata ukingo wa ndani, yakadondoka moja kwa moja kwenye mapaja ya abiria. Dereva hakupata hata tone. Usharika mzima ulilijua jambo hili. Wazee wa kanisa wakipewa lifti walikuja na miavuli yao, wakaifungua wakiwa ndani ya gari.

Mama alilipanda mara ya mwisho siku tulipohamia Iringa mjini, nyumba ya kanisa pale Mlandege. Washarika walikuwa wamejipanga barabarani kutupokea, akina mama wakiimba, na Mama akashuka akiwa amelowa kuanzia kiunoni hadi magotini. Hiyo ni sehemu ambayo mke wa mchungaji hapendi kuonekana amelowa. Aliimba nao beti zote, akasalimia watu wote, akaingia ndani, akafunga mlango, akamwambia Baba kwamba tangu siku hiyo yeye ni mtu wa miguu na mabasi.

Basi mambo yakakaa hivyo mpaka nilipochumbiwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Mchumba wangu alikuwa bwana shamba kule Usangu, Mnyakyusa, na wazazi wake walikuwa wakiishi Mbeya. Likizo yake ilitoka Aprili, na huko ofisini kwao hakuna aliyeuliza habari za mvua. Harusi ikapangwa Aprili. Jioni moja mezani Baba akatangaza, kwa furaha kabisa, kwamba binti yake atakwenda kanisani ndani ya gari jekundu, na yeye mwenyewe ndiye dereva.

Mama akaweka mwiko chini.

"Mwanangu aende madhabahuni na beseni mapajani?"

"Nitalitengeneza, mama watoto."

"Umekuwa ukilitengeneza tangu Igowole."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Fundi mmoja pale Mlandege alikuwa ameshapaka lami kuzunguka kioo, kisha nta ya mishumaa, kisha kitu cheupe ambacho alikataa kukitaja jina. Kila mara maji yalibadilisha njia tu. Baba alipomrudia safari hii, fundi alifuta mikono, akazungumza kama mtu anayeungama. Alisema dawa ni kutoa kioo chote na kuvisha mpira mpya, na yeye hawezi kukigusa kioo kile, maana kikipasuka hajui kingine kitapatikana nchi gani. Akamwelekeza Mbeya, Mwanjelwa, kwa mzee mmoja aliyekuwa akibadilisha vioo vya mabasi.

Mimi nilikuwa na safari yangu ya Mbeya, kwa sababu shangazi yangu aliyekuwa huko ndiye aliyekuwa akinishonea gauni la harusi. Zilibaki wiki mbili. Mama alinipa beseni la plastiki, sponji, na agizo moja: gauni lisipande gari lile kurudi Iringa kama kioo bado kinavuja. Akasema nikiona hata tone moja nipande basi, mimi na gauni, na baba yangu aje peke yake na nyimbo zake.

Mvua ilituanza Mafinga. Nilikinga maji kwa beseni, nikiona limefika nusu nafungua dirisha kidogo na kumwaga. Baba aliimba tenzi kwa kufuata mwendo wa waipa, na kwa kuwa ni waipa moja tu iliyokuwa ikifanya kazi, na tena kwa kuchechemea, tenzi zile zilisikika za ajabu. Makambako baridi ikatuingia mifupani. Tulipoteremka kuelekea bonde la Usangu mvua ikakatika, jua likatoka, nikatoa miguu yangu kwenye viatu ikauke.

Igawa tulisimama kupisha ng'ombe. Lilikuwa kundi kubwa la wafugaji Wasukuma waliokuwa wakihamia Usangu kutoka kaskazini, familia nzima, wanawake wamebeba vyungu na kuku. Mwanamume mmoja aliyetangulia na fimbo yake mabegani aliinama mpaka magotini ili aone tuliomo ndani. Akamtazama Baba, akanitazama mimi na beseni langu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Hili ni gari, au ni ndama wa gari?"

Baba alicheka mpaka akapiga honi bila kukusudia, ng'ombe wakatawanyika, na ikachukua muda kuwakusanya tena. Alilirudia neno hilo mpaka Chimala. Alilitumia hata kwenye mahubiri, ingawa sikuelewa lilihusianaje na somo la siku ile.

Tulilala kwa shangazi, na asubuhi tukaenda Mwanjelwa. Mzee wa vioo alikuwa mfupi, mpana, na miwani yake ameifunga nyuma ya kichwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Alikuwa akifanyia kazi uwanjani, mbele ya kibanda cha mabati, na ukutani ametundika mizunguko ya mipira ya kila unene. Hakusalimia upesi. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, ndipo akaja kushika mkono wa Baba.

"Baba Mchungaji, mpira wa gari hili Tanzania haupo," akasema. "Tusidanganyane. Lakini kioo ni kioo, na bati ni bati. Tutatafuta unaokubali."

Alitueleza huku akinionyesha mimi, sijui kwa nini mimi. Mpira wa kioo una mifereji miwili. Mmoja unashika kioo, wa pili unashika ukingo wa bati la gari. Akakunja kipande cha boksi la sigara kupima unene wa kioo, akakunja kingine kupima bati, akaenda navyo ukutani. Wa kwanza ulikuwa mnene. Wa pili ulikuwa mwembamba, ulicheza. Wa tatu, mpira wa madirisha ya ubavuni ya basi, uliingia vizuri kabisa, na fundi akasema, "Aa!" kama mtu aliyeonja mchuzi ukakubali chumvi.

Tatizo likawa mtu. Kazi ile ilihitaji mmoja wa ndani, na msaidizi wake alikuwa amekwenda msibani Tukuyu. Baba akasema yeye yupo. Akaingia kwenye kiti cha abiria, akajikunja, magoti yakafika kidevuni, na hapo alipokuwa hakuweza hata kujikuna. Fundi akamwangalia kwa heshima kwa muda. Kisha akageuka kuniangalia mimi.

"Binti ana kimo kizuri," akasema.

"Binti amevaa gauni," Baba akajibu kutoka ndani.

Fundi akaingia kibandani, akatoka na ovaroli ya msaidizi wake. Ilikuwa ya bluu, ina mafuta, na imeshonwa kiraka cha kitambaa cha pazia makalioni. Siku zile msichana kuvaa suruali mjini ilikuwa habari, na binti wa mchungaji ndiyo kabisa. Nilimtazama Baba. Alikuna kidevu, akatazama kulia na kushoto barabarani, akaona mwuza mkaa na mbuzi wawili.

"Vaa," akasema. "Mbeya hatujulikani."

Nilivaa kibandani, nikafunga kichwa kitambaa, nikatoka. Nakumbuka mpaka leo jinsi nilivyojisikia mwepesi ndani ya ile ovaroli. Nilipanda kiti cha abiria, nikavua viatu, na fundi akanionyesha namna ya kuegemeza nyayo kwenye pembe za juu za kioo. Alikwisha kata midomo ya mpira wa zamani kwa kisu alichokichovya kwenye maji ya sabuni. Sasa ilibaki kusukuma.

"Kwa nyayo nzima, si kwa visigino," akasema. "Usipige. Sukuma kama unavyomwamsha mtoto aliyelala."

Nikasukuma. Hakuna kilichotokea. Nikasukuma tena. Baba alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono imefunguka, blanketi la shangazi limening'inia juu yake tayari kupokea, macho ameyafumba. Midomo yake ilikuwa ikienda, na nilijua anaomba. Mara nikasikia mlio mkavu, pa! Nilidhani kioo kimekwenda. Baba naye alidhani hivyo hivyo, maana alifumbua jicho moja tu.

"Nta," fundi akasema. "Nta ya nani hii? Nani aliweka nta humu?"

Kioo kikainuka upande wa kushoto, kisha wa kulia, kikatoka kizima, kikalala kwenye blanketi mikononi mwa Baba kama mtoto wa ubatizo. Walikibeba hatua kwa hatua mpaka mezani. Mimi nilibaki nimekaa ndani ya gari lisilo na kioo, upepo wa Mlima Loleza ukinipiga usoni, nikacheka peke yangu.

Ukingo wa bati ulikuwa na kutu. Tulikwangua sote watatu, fundi akapaka rangi ya kuzuia kutu, tukala ndizi za kuchoma tukisubiri ikauke. Baadaye alivisha mpira kwenye kioo pale mezani. Aliukata mrefu kuliko kipimo, kwa upana wa kidole gumba, kisha akaubana ukaingia wote. Alisema mpira husinyaa, na fundi anayekata kwa kipimo kamili anajitafutia mteja wa kurudi na maneno. Maungio aliyaweka chini katikati, akayapaka solusheni, ile gundi ya kuzibia tyubu. Halafu akachukua kamba nyembamba ya nailoni, akailaza ndani ya ule mfereji wa pili, ikauzunguka mpira wote, ncha zake mbili zikapishana chini na kuning'inia.

"Hii kamba ndiyo kazi yako," akaniambia. "Sisi tutaweka kioo kwa nje na kubonyeza. Wewe ndani utavuta kamba polepole, kuelekea kwako. Kamba inapotoka, inauinua mdomo wa mpira na kuupandisha juu ya bati. Ukivuta haraka mpira unachanika. Ukiachia katikati, unarudi wote, tunaanza upya."

Nilielewa kabla hajamaliza. Akapaka maji ya sabuni kila mahali, tukaanza. Chini pakaingia vizuri. Nilivuta ncha ya kulia mpaka pembeni, kisha ya kushoto, mpira ukipanda bati kwa sauti ndogo ya kunyonya. Tulikuwa tumefika nusu, nimejipinda, kamba nimeizungusha kiganjani, jasho linaniingia machoni, niliposikia Baba amenyamaza ghafla. Alikuwa akiimba.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Usishtuke. Mkwe wako anakuja."

Hapa inabidi nieleze. Kwa Wanyakyusa, hasa wazee wa wakati ule, mke wa kijana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasemeshani, hawapishani njia moja, na ni heshima kubwa kwa pande zote mbili. Mchumba wangu alinifundisha mapema: ukimwona mzee kwa mbali, kata kona. Ukishindwa kukata kona, inama, jifunike. Mambo yote ya posa yalikwisha kuzungumzwa na wanaume, mimi nilikuwa sijawahi kumwona yule mzee hata kwenye picha. Kwetu Uhehe tuna adabu zetu, lakini hii ilikuwa ngeni kwangu, na nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaanza ndoa kwa kukosea.

Sasa mzee anakuja. Shangazi alikuwa amekutana na watu wa mzee huyo sokoni asubuhi, akawaambia Mchungaji yuko Mwanjelwa na gari lake, naye mzee kwa uungwana akaja kumsalimia mkwe mwenzake. Nami niko ndani ya ovaroli ya mwanamume, yenye kiraka cha pazia, sina viatu, nyuma ya kioo.

Nikajitupa chini ya dashibodi.

"Kamba!" fundi akapiga kelele. "Usiachie kamba!"

Sikuachia. Nilikuwa nimejikunja sakafuni, kichwa kimeinama kwenye miguu ya kiti, mkono mmoja juu umeshika kamba kama mtu anayening'inia kisimani. Nilisikia viatu vikija juu ya changarawe, vikasimama mbali. Baadaye Baba alinisimulia nilichokikosa. Mzee alikuwa na koti jeusi, kofia na mwavuli. Aliona kitambaa cha kichwa kikizama ndani ya gari, akaelewa mara moja, akageuka kabisa akatupa mgongo. Akawa anatazama mlima.

"Kamwene, Mchungaji," akasema kwa heshima ya Kihehe, akiuambia mlima.

"Kamwene, mkwe," Baba akajibu mgongo wake. "Habari za nyumbani?"

Wakasalimiana hivyo kwa kirefu. Mama hajambo, watoto hawajambo, mvua za Iringa zinakwendaje, mahindi yamefika wapi. Mkono wangu ukaanza kufa ganzi. Fundi naye alikuwa Mnyakyusa, alilielewa vizuri jambo lote, lakini alikuwa pia fundi, na kioo kilikuwa kimeingia nusu. Alikuwa amekishika peke yake kwa mikono miwili, kwa sababu Baba alipobonyeza mara ya kwanza alibonyeza kama anayesukuma lori lililokwama, akaambiwa asiguse tena.

"Mzee," fundi akaita. "Samahani. Naomba mkono wako hapa upande wa kushoto."

"Kuna mtu humo ndani," mzee akasema.

Fundi akafikiri kidogo.

"Hakuna mtu," akasema. "Kuna kamba tu."

Nilisikia mbuzi. Kisha nikasikia viatu tena, lakini polepole, kwa mwendo wa ajabu, na Baba aliniambia mzee alikuja kinyumenyume. Alipofika kwenye gari alivuta kofia ikafunika macho, akageuza uso pembeni, akanyoosha mikono akaiweka kwenye kioo. Nami nikainua kichwa kiasi cha kuona mpira tu, macho nimeyalaza chini. Kwa juu, kwa ncha ya jicho, niliona viganja viwili vimebandikwa kwenye kioo, vipana, kidole kidogo cha kushoto kimepinda.

"Haya, Kamba, vuta," fundi akasema.

Nikavuta. Mpira ukapanda vidole vinne, ukakwama.

"Fundi," mzee akasema. "Mwambie Kamba asivute kwa pembeni. Avute kuelekea kwake."

"Kamba, vuta kuelekea kwako," fundi akarudia.

Nilibadilisha mkono. Ikaenda. Ikafika kwenye ile kona mbaya, kona ya juu kushoto, ikakataa kabisa. Niliona kwa ndani kwamba kioo kimekaa chini mno. Nikasita, lakini ningefanya nini? Nikasema kwa sauti ndogo:

"Fundi, mwambie mzee ainue kidogo, halafu abonyeze karibu na kona."

Fundi alikuwa hatua moja tu kutoka kwa mzee. Alirudia neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayepeleka barua. Viganja vikasogea, vikainua, vikabonyeza. Nikavuta kwa pumzi moja. Mpira ukaruka juu ya bati kona nzima, kamba yote ikatoka, ikanipiga shavuni, nikaanguka nyuma nikiwa nimeishika mkononi.

"Imeingia!" nikapiga kelele, nikaziba mdomo.

Nje nilisikia wanaume watatu wakicheka, mmoja kwa sauti nene sana ambayo sikuwahi kuisikia. Mzee hakukaa tena. Aliagana na Baba, bado akiwa ametazama mlima, akasema harusini, Mungu akipenda, wataonana Iringa. Kisha akamwambia fundi, "Mwambie Kamba, ndaga fijo," yaani ahsante sana, na viatu vikaondoka juu ya changarawe kwa mwendo wa kawaida.

Nilikaa sakafuni mpaka Baba aliponifungulia mlango. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikujua ni ya aibu au ya kicheko. Nilimwuliza kama nimeharibu. Baba alichuchumaa, jambo ambalo kwa urefu wake halikuwa rahisi, akanifuta sabuni usoni kwa leso yake.

"Umeharibu nini?" akasema. "Mtu amekuja kukusaidia kazi bila kukuona. Mimi nimeoa miaka ishirini na mitano, na baba wa mama yako alikuwa akiniona kila siku, hakuwahi kunisaidia hata kufunga mbuzi."

Fundi alitumwagia ndoo sita za maji juu ya kioo. Tone moja liliingia pale chini kwenye maungio. Akakausha, akaongeza solusheni, akabana kwa kipande cha ubao, akatuambia turudi kesho. Kesho yake alimwaga ndoo nyingine sita, nami nikakaa ndani na gazeti mapajani. Gazeti lilitoka kavu.

Shangazi alilalamika kwamba mikono yangu inanuka mpira, akanikataza nisiguse gauni mpaka nimenawa kwa limau mara tatu. Aliposikia kisa chenyewe aliketi kitandani, akashika kichwa. Halafu akaniuliza ile ovaroli ilikuwa na mifuko mingapi, na nikatambua kwamba anafikiria kujishonea.

Safari ya kurudi mvua ilitukuta Makambako, ile ya kumwagika kama imefunguliwa bomba. Gauni lilikuwa magotini mwangu limefungwa kwenye shuka nyeupe, nami nimekodoa macho kwenye kona ya juu kushoto. Hakuna kitu. Lakini likazuka jipya. Kwa kuwa sasa gari lilikuwa limeziba, pumzi zetu zilijaa ndani na kioo kikafunga ukungu wote. Baba hakuona barabara. Nilipanguza kwa leso kuanzia Makambako hadi Mafinga, na kila alipotaka kuimba nilimwomba anyamaze, maana wimbo mmoja wake ulitosha kufunga kioo kizima.

Mama hakutuamini. Tulipofika aliingia garini mwenyewe pale uani, akafunga mlango, akakunja mikono, akaniamuru nimwage maji. Nilimwaga debe zima. Yeye alikuwa akitazama juu, kona ile ile, kama anayesubiri mwizi aliyeahidi kuja. Hakuna tone lililoingia. Alishusha dirisha kidogo.

"Nyumba yenu haivuji tena," akamwambia Baba. "Sasa nipeleke sokoni."

Siku ya harusi jua liliwaka kuanzia alfajiri. Hakukuwa na wingu hata moja, na vumbi la Mlandege liliingia kwa madirisha likatua kwenye shela yangu. Baba mkwe alikuja na watu wake kwa basi. Kanisani aliketi nyuma kabisa ya nguzo, kwa kupenda mwenyewe, na niliporudi kutoka madhabahuni nilitazama chini kama nilivyofundishwa. Niliona viatu vyake tu, vimeng'arishwa vizuri.

Baba aliendesha lile gari miaka mitatu zaidi. Alipohamishiwa usharika wa milimani, kwenye barabara za mawe, alimpa mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa akilitamani kuliko alivyotamani mke, na nasikia alilitunza vizuri.

Mimi nilihamia Mbeya na mume wangu baada ya yeye kuhamishwa kutoka Usangu, tukapanga nyumba karibu na wakwe. Nilizoea desturi yao kuliko nilivyotarajia. Mzee akitoka shambani kwake Rungwe alipitia kwetu. Alikohoa mara mbili akiwa bado nje ya ua, nami nikaingia ndani na kurudisha mlango. Nilipotoka nilikuta mkungu wa ndizi umeegemezwa ukutani, au maparachichi kwenye kikapu, na majani ya mgomba yamewekwa juu kuzuia jua. Nami nilijifunza kumwachia chai pale pale, kikombe kimefunikwa kwa sahani, sukari vijiko vitatu, kwa sababu mama mkwe alininong'oneza kwamba nyumbani anamnyima.

Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, mama mkwe alimbeba akamtoa uani kwa babu yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, bado natembea kwa taabu, nikisikiliza. Alikuwa akimtajia milima kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia ule wa karibu. Mtoto alikuwa na siku nane na alikuwa amelala fofofo. Mzee aliendelea mpaka alipoimaliza yote, akanywa chai yake, akaenda zake.